Moshi wa Gari la Mikate

Madereva wa Kigali wa mwaka ule wa 1991 kila mmoja alikuwa na sifa yake. Yuko aliyesifika kwa honi, yuko aliyesifika kwa kuwa na mke Gatsata na mwingine Kicukiro wasiojuana, na yuko aliyesifika kwa kuwalainisha trafiki kwa maneno matamu. Viateur alisifika kwa oili. Katika miaka ishirini na miwili ya udereva hakuwahi kuwasha injini asubuhi kabla ya kuchomoa kile kijiti cha kupimia, kukifuta kwa kitambaa, kukirudisha, kukichomoa tena na kukitazama kwa jicho moja huku amefumba la pili. Padri wa misheni aliyemfundisha kuendesha alimwambia kuwa oili hupimwa asubuhi, injini ikiwa baridi, kabla haijaamka. Viateur alikuwa mtu wa kushika alichoambiwa, naye alishika. Wenzake walimcheka, lakini magari yao yalipowafia njiani, yeye ndiye waliyemkimbilia.

Ndiyo maana aibu iliyompata ilimwelemea kuliko ambavyo ingemwelemea mwingine. Gari lake lilikuwa linatoa moshi.

Gari lenyewe lilikuwa kombi ya dizeli, kuukuu, ya rangi ya krimu iliyokwisha kugeuka kuwa ya chai ya maziwa. Mwenye gari alikuwa Daphrose, mjane mwenye tanuri la mikate Nyamirambo, na kila asubuhi Viateur alipakia makreti akayasambaza madukani: Sonatubes, Kicukiro, hadi Ndera kule mwisho. Tangu Pasaka kombi ilianza kukohoa. Ikipanda mlima ilitoa moshi mweusi tii, ikisimama kungoja ilitoa wa samawati, na masizi yalitanda kwenye milango ya nyuma hata ukiandika jina lako kwa kidole linasomeka. Wauza ndizi wa Sonatubes, Wakatoliki safi wote, kila walipomwona anaondoka walipaza sauti kama watazamao moshi mweusi wa Vatikani: "Bado! Papa hajapatikana!" Mara ya kwanza Viateur alicheka nao. Mara ya kumi alianza kuegesha ng'ambo ya barabara.

Jumatano moja mwenye duka wa Ndera alirudisha makreti mawili mazima. Hakugomba. Alimega mkate mmoja katikati, akamsogezea Viateur puani, akamwacha anuse mwenyewe. Mkate ulinuka ekzosi.

Daphrose alikuwa anakanda unga makreti yalipoteremshwa. Aliyatazama, akaendelea kukanda, kisha akasema bila kuinua kichwa:

"Viateur, Jumamosi iko mtu anakuja kuchukua gari. Ataikata, auze vipande."

"Na mimi, Mama Aurore?"

"Wewe utapumzika kidogo."

Neno kupumzika likitoka kinywani mwa mwenye gari, kila dereva anaijua maana yake. Mikate ingebebwa na pikapu ya shemeji yake Daphrose, na pikapu ile ilikuwa na dereva wake. Viateur alikuwa na miaka arobaini na tisa, watoto watano, na kazi moja tu aliyoijua. Unga wake ulikuwa ukingoni mwa kumwagika. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Daphrose hakumtazama usoni, na wale walikuwa watu waliozoea kuzungumza wakitazamana tangu mumewe yu hai.

"Nipatie mpaka Ijumaa jioni," alisema. "Moshi ikiisha, gari ibaki."

"Moshi ikiisha, gari itabaki."

"Na mimi?"

Daphrose aliupindua unga, akaupiga ngumi moja ya haja. "Tutaona," akasema.

Alhamisi, alipomaliza mzunguko, Viateur alishuka hadi Nyabugogo akapanda Gatsata, kwa mafundi. Gatsata haina uhaba wa mafundi. Ukisimamisha gari pale utazungukwa na madaktari watano, na kila mmoja ana ugonjwa wake mkononi anatafuta wa kumpa. Wa kwanza alisikiliza injini kwa kuweka bisibisi sikioni, akasema ni nozeli. Wa pili hakusikiliza kitu, akasema ni ringi za pistoni, injini ifunguliwe yote, iachwe wiki tatu. Wa tatu alisema ni turbo. Viateur alimwambia gari hili halina turbo. Fundi akasema, "Sasa unaona? Ndiyo ugonjwa yenyewe."

Wote watatu walimuuliza habari ya oili, na wote aliwajibu kwa kifua mbele: "Nimepima mwenyewe asubuhi." Basi wakaliacha hapo. Nani angebishana na Viateur juu ya oili? Ni sawa na kumuuliza askofu kama amebatizwa.

Wa nne alikuwa Audace. Audace alikulia Bujumbura, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuiacha spana mfukoni mpaka maswali yaishe. Kwanza aliomba karatasi nyeupe. Viateur akampa ile ya kufungia mikate. Audace akaishika nyuma ya ekzosi, akamwambia akanyage mafuta mara tatu, kisha akaiinua juani.

"Ona, muzee. Hii unga nyeusi, kavu, ni dizeli iliungua vibaya sababu hewa haikutosha. Na hii madoa ya kuteleza, hii ni oili. Moshi yako iko mbili ndani ya moja."

Injini ikiwa bado inanguruma, alifungua kifuniko cha kujazia oili, akakilaza kichwa chini juu ya tundu lake. Kifuniko kilitetemeka kidogo, kikatulia.

"Ringi ingekuwa imekufa, hii ingeruka kama chura. Ringi iko nzima."

Viateur alitamani kumkumbatia. Lakini Audace alikuwa ameshafika kwenye sanduku la filta ya hewa. Alilifungua, akaitoa filta, nayo ikatoka inachuruzika oili kama andazi lililotolewa karaini.

"Yewe!" alisema Viateur.

"Hii ndiyo inamkaba roho. Hewa haipiti, dizeli haiungui vizuri, masizi inajaa. Na hii oili injini inainywa pamoja na hewa, inaiunguza, ndiyo ile moshi ya bluu." Alionyesha mpira uliotoka ubavuni mwa injini hadi kwenye lile sanduku. "Injini inapumulia hapa. Lakini yako haipumui, muzee. Inatapika. Na mwenye kutapika ni nani? Ni aliyekula kupita kiasi."

"Haiwezekani! Hii gari iko na njaa. Kila asubuhi napima, oili iko chini. Kila asubuhi naongeza."

Audace alizima injini, wakangoja kidogo, akachomoa kijiti mwenyewe, papo hapo kando ya barabara ya mteremko ilipoegeshwa kombi, pua bondeni. Oili ilikuwa chini ya alama. Alikitazama kijiti, akaitazama filta, akakuna kichwa.

"Kijiti inasema njaa, filta inasema shibe. Moja kati yao iko inadanganya. Hii shida ilianza lini?"

"Pasaka."

"Pasaka kulitokea nini?"

"Hakuna kitu. Stata tu ndiyo ilikufa."

Hilo halikumshangaza yeyote. Tangu vita vifunge barabara ya Gatuna, ile ya kwenda Uganda, spea zilikuwa hadithi. Mwenye stata mbovu alijifunza kuegesha mteremkoni na kuwasha kwa kuserereka, na nusu ya magari ya Kigali yaliamka hivyo. Nchi ilishatoa vilima, ingekuwa kufuru kutovitumia. Audace aliinamisha kichwa, akafikiri weee, mwishowe akasema:

"Kesho asubuhi nakuja kwako. Nataka kuona hii gari inavyoamka."

Ijumaa alfajiri jogoo wa Nyamirambo walikuwa hawajakubaliana nani aanze, Audace akatokea. Kombi ilikuwa mahali pake pa siku zote tangu Pasaka: kwenye mteremko ule mkali ulio mbele ya tanuri, pua imeelekea chini, jiwe chini ya tairi. Mmoja wa wachoma mikate alimletea mgeni chai katika kikombe kikubwa cha bati. Audace alikiweka kikombe juu ya ukuta mfupi ulioshuka sambamba na barabara, akakunja mikono kifuani.

"Fanya kama kila siku, muzee. Mimi siko hapa."

Viateur alifanya, tena kwa madaha kidogo, maana si kila siku mtu ana mtazamaji. Akafungua, akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa, akafumba jicho.

"Unaona? Iko chini. Njaa." Akachukua kopo, akamimina kwa uangalifu wa mama anayemnywesha mtoto dawa, akapima tena. "Sasa iko kwenye alama. Hivi ndivyo nafanya."

Aligeuka. Audace alikuwa hamtazami yeye wala gari. Alikuwa anatazama kikombe chake. Chai ilikuwa imefika ukingoni kabisa upande wa bondeni, karibu imwagike, na upande wa mlimani bati lilionekana kavu kwa kina cha vidole viwili.

Audace akaanza kucheka. Alianza polepole, tumboni, kicheko kikapanda mabegani, hatimaye akaketi chini barabarani na kofia yake ikabingirika kuelekea Biryogo kule bondeni. Wachoma mikate walitoka kutazama.

"Nini?" aliuliza Viateur. "Nini, sha?"

"Muzee," alisema Audace akijifuta machozi, "kijiti iko mbele ya injini ama nyuma?"

"Nyuma."

"Na gari imelala pua chini. Oili yote imekimbilia wapi?"

Viateur alikitazama kikombe. Alilitazama gari. Akakitazama kikombe tena. Alihisi damu inamtoka usoni na kushuka, nayo bila shaka ikielekea upande wa bondeni kama kila kitu kingine asubuhi ile.

"Mana yanjye, Mungu wangu," alisema.

Waliondoa jiwe, kombi ikaserereka na kuamka, wakaenda nayo hadi mbele ya uwanja wa mpira wa Nyamirambo, mahali pa pekee mtaani pale ambapo mpira ukiuweka chini unakaa. Wakazima, wakangoja dakika kumi na tano oili itulie. Kisha Viateur akachomoa kijiti, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka akakisoma mahali palipo sawa. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa vidole viwili na zaidi.

"Ulikuwa unamlisha aliyeshiba," Audace alieleza, safari hii bila kucheka. "Anatapika, tumbo inapungua kidogo. Kesho unaangalia pale pa kuinama, unasema maskini, iko na njaa, unamlisha tena."

Walifungua nati ya chini, wakakinga beseni. Karibu lita tatu zilitoka ndipo kijiti kikasema vizuri. Audace alipangusa ule mpira wa kupumulia, akasafisha sanduku, akatia filta kavu aliyokuja nayo. Vijana waliokuwa wanapita wakaombwa wasukume. Kombi ilipowaka ilitoa moshi mwingi wa kuaga, ukapungua, na walipomaliza kupakia na kufika Sonatubes, nyuma yao kulikuwa na barabara tu. Kule Ndera, mwenye duka alizunguka nyuma ya gari, akainama, akanusa, akapokea makreti yote.

Ungedhani Viateur aliimba njia nzima. Hakuimba. Sasa alikuwa na mzigo mwingine, na Audace, aliyekaa kando yake akitafuna mkate wa bure, aliuona.

"Muzee, usijisumbue. Nitamwambia madamu ilikuwa ringi. Nimefunga mpya, moshi imekwisha. Nani atajua?"

Lilikuwa pendekezo la rafiki, na lilikuwa tamu. Viateur alilipima kilometa baada ya kilometa. Akisema ringi, jina lake linabaki. Akisema kweli, mtu wa oili ndiye aliyelizamisha gari kwa oili, na Kigali nzima itacheka mpaka Pasaka nyingine. Tena Daphrose hakuahidi kitu. Alisema tutaona. Mwajiri gani atamweka dereva aliyekuja mwenyewe kumwambia, mchawi wa gari lako ni mimi? Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, lakini hawakusema nguo yenyewe inajitetea vipi. Walipofika Nyamirambo alikuwa ameamua: ringi.

Daphrose alikuwa mlangoni. Aliitazama kombi inavyopanda, akatazama nyuma yake, akakuta hewa safi.

"Ilikuwa nini?" aliuliza.

Audace alifungua mdomo. Viateur akamwahi.

"Ilikuwa mimi, Mama Aurore."

Hata yeye alishangaa kujisikia. Lakini neno likishatoka halirudi kwao, basi akaeleza lote: mteremko, kijiti, chai, uwanja wa mpira, beseni. Alieleza akitazama viatu vyake. "Kila asubuhi nilikuwa naongeza," alimalizia. "Makopo yote ulinunua, niliimwagia yote. Kila tone. Hakuna siku niliruka. Ni mimi niliiua karibu kufa."

Alingoja. Alipoinua macho alimkuta Daphrose ameketi juu ya gunia la unga, mkono mdomoni.

"Sema tena," alisema Daphrose. "Makopo yote uliyaweka ndani?"

"Yote."

"Na kijiti iko inasema chini hata kama umeongeza?"

"Asubuhi naongeza inafika kwenye alama. Jioni nikirudi imeshatapika mchana kutwa, na kama iko pale pa kuinama, lazima iseme chini tena."

Daphrose alizungumza polepole, na safari hii alimtazama usoni.

"Jumamosi tatu, Viateur. Jumamosi tatu jioni ulipokuwa umeenda, nilitoka nikapima. Marehemu alinifundisha. Mara tatu nikakuta chini. Na kopo iko tupu. Nikasema, oili nanunua, kwenye injini haimo, sasa iko wapi?" Alijipangusa unga viganjani. "Nikasema unaiuza."

Ndani, wachoma mikate waliacha kupiga unga.

"Sikuweza kukuambia," Daphrose aliendelea. "Wewe ulimbeba bwana yangu mpaka kaburini. Nitakuita namna gani mwizi? Nikaona afadhali gari iende, na wewe uende nayo, niseme ni moshi. Ungeniambia leo ilikuwa ringi, ningekuambia asante, na kesho ungeenda."

Viateur alisimama kama aliyepigwa kofi na kubusiwa kwa wakati mmoja. Hasira ilimjia, ya kweli, ya moto: mwizi, yeye! Ikafika kooni, ikakutana na lita tatu za oili zilizokuwa ndani ya beseni, ikakosa pa kupita. Audace alikuwa amegeuka upande, anachunguza ukuta kana kwamba na wenyewe unatoa moshi.

"Nataka kuona," alisema Daphrose, akainuka.

Ua wa tanuri ulikuwa tambarare. Waliisukuma kombi ikaingia kinyumenyume. Baada ya robo saa Daphrose alichomoa kijiti mwenyewe, akakifuta kwa pindo la kitenge, akakirudisha, akakichomoa. Oili ilikuwa katikati ya alama mbili, sawasawa.

"Umbabarire, Viateur," alisema. "Nisamehe."

Viateur hakuwahi kuombwa radhi na mwenye gari, na hakujua mtu huweka wapi mikono yake wakati huo. Alikichukua kijiti, akakifuta tena ingawa kilikuwa safi.

"Na mimi unisamehe mikate ya Ndera," alisema.

Mtu wa vyuma chakavu alipokuja Jumamosi alipewa chai na andazi, akarudi Gatsata mikono mitupu. Kombi ikahamia uani moja kwa moja, amri ya Daphrose, na kwa kuwa stata ilikuwa bado haijapatikana na uani hakuna mteremko, kila asubuhi ilibidi isukumwe hadi barabarani. Jumatatu, Viateur alipima oili kwa jicho moja, akapanda, akashusha kioo na kuita watu. Wachoma mikate wanne walitoka na unga mikononi wakajipanga nyuma, na katikati yao, kitenge amekikaza kiunoni, alikuwa Daphrose, anasukuma.